Mseto, mapatano au serikali ya wachache: chama chako kifanye nini Bunge la Uingereza likikosa mshindi?

Karatasi ya kura ya Uingereza humuuliza mpiga kura jambo moja tu: nani akuwakilishe jimboni. Haimuulizi chama cha mwakilishi huyo kifanye nini iwapo hakuna chama kitakachopata viti vya kutosha kuunda serikali peke yake. Swali hilo la pili ndilo linalowasumbua watu wengi wanaofikiria kuvipigia kura Liberal Democrats, Greens, SNP ya Scotland, Plaid Cymru ya Wales au Reform UK, na hata wale wa Labour na Conservative ambao siku hizi hawana uhakika na ukubwa wa vyama vyao. Ziko njia tatu ambazo chama kinaweza kuzifuata bunge likigawanyika, na makala haya yanaziweka bega kwa bega.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni mambo ya wenyewe. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Jirani yao aliyetoka Bujumbura au Bukavu hana haki hiyo mpaka apate uraia. Na neno mseto tunalijua vizuri. Wakenya walikuwa na serikali ya nusu mkate iliyotokana na machafuko ya 2008, na Zanzibar ina Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoingizwa katika katiba yake mwaka 2010. Mseto wa London ni wa namna nyingine, kwa kuwa haulazimishwi na katiba wala hauletwi na wasuluhishi. Unaletwa na hesabu ya viti, na ndiyo maana inafaa tuanze na hesabu.

Viti kwanza, kura za maoni baadaye

Bunge la Commons lina viti 650, kwa hiyo wingi unaotajwa vitabuni ni 326. Kivitendo namba inayotakiwa iko chini kidogo. Sinn Féin ya Ireland Kaskazini, iliyopata viti 7 mwaka 2024, haikai bungeni kwa sababu haikubali kuapa utii kwa Mfalme, na Spika pamoja na manaibu wake watatu hawapigi kura. Ukiwatoa hao 11 wanabaki wabunge 639, na mwenye 320 anaweza kutawala. Msomaji akikumbuka namba hiyo, hatababaishwa na kila kichwa cha habari kinachodai kuwa fulani "amekosa viti sita tu".

Kura za maoni hupima asilimia za nchi nzima, ilhali serikali huundwa kwa viti, na mfumo wa kumpa kiti anayeongoza jimboni, hata akiongoza kwa kura moja, huvitenganisha viwili hivyo mbali sana. Mwaka 2024 Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Reform UK ilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats, waliokuwa na kura chache kuliko Reform, walipata viti 72, kwa sababu kura zao zilikusanyika katika majimbo waliyoyalenga. Mwezi Mei 2025, katika uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, Reform iliinyang'anya Labour kiti kwa tofauti ya kura 6.

Hata asilimia zenyewe hukosewa. Mwaka 2015 kura za maoni za mwisho zilionyesha Labour na Conservative wakiwa sare, nchi nzima ikajiandaa kwa bunge lisilo na mshindi, kisha David Cameron wa Conservative akapata wingi wa viti 12 kuzidi vyama vingine vyote kwa pamoja; uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba sampuli zilikuwa na wafuasi wa Labour kupita kiasi. Mwaka 2017 Theresa May, Waziri Mkuu wa Conservative, aliitisha uchaguzi akiongoza kwa karibu pointi 20, akamaliza na asilimia 42.4 dhidi ya 40.0 za Labour, na wingi wake ukapotea. Mwaka 2024 kura za maoni zilimtaja mshindi sawasawa, lakini nyingi zilikuza pengo lake, ambalo lilikuja kuwa pointi 10. Tangu katikati ya 2025 nyingi zimekuwa zikiiweka Reform UK mbele, ikiwa na chini ya theluthi moja ya kura, na kufikia mwisho wa mwaka huo vyama vitano vilikuwa vikivuka asilimia 10. Vyama vikisongamana hivyo, pointi tatu, ambazo ndizo kiwango cha kawaida cha makosa katika sampuli ya watu 1,000, zinaweza kuhamisha makumi ya viti. Mimi huzisoma kura za maoni ili nijue ni vyama gani vina nafasi ya kuhitajika. Nani atamhitaji nani, hilo haziwezi kuniambia.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vinne, na kila njia itapimwa kwa hivyo hivyo. Cha kwanza ni uimara: serikali ya namna hiyo hudumu muda gani, na huangushwa na nini. Cha pili ni faida ya chama kidogo, yaani ni sehemu gani ya ilani yake inayoweza kuwa sheria. Cha tatu ni gharama ambayo chama hicho hulipa uchaguzi unaofuata. Cha nne, ambacho husahauliwa mara nyingi, ni uwajibikaji: mambo yakiharibika, mpiga kura atajua amlaumu nani?

Njia ya kwanza: serikali ya mseto

Katika mseto, vyama viwili au zaidi huandika programu moja, hugawana wizara na kufungwa na uamuzi mmoja wa Baraza la Mawaziri. Mfano wa karibu ni wa 2010. Uchaguzi wa tarehe 6 Mei uliipa Conservative viti 306, Labour 258 na Liberal Democrats 57. Labour na Liberal Democrats wakijumlishwa walifika 315, na hesabu hiyo peke yake ilikuwa imeshaamua mengi kabla ya mazungumzo kuanza. Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Labour, alibaki katika makazi yake ya Downing Street kwa siku tano, kama desturi inavyomtaka Waziri Mkuu aliyepo asiondoke mpaka ijulikane nani anaweza kushika nafasi yake. Tarehe 11 Mei alijiuzulu, Cameron akaingia, na Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, akawa Naibu Waziri Mkuu.

Kwa uimara, mseto huo uliwashangaza walioutabiria kifo cha mapema, kwani ulidumu miaka mitano kamili. Sehemu ya sababu ilikuwa sheria ya 2011 iliyoweka muhula maalumu wa bunge na kumnyima Waziri Mkuu uwezo wa kuitisha uchaguzi apendavyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2022. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha: chama kidogo kitakachoingia katika mseto leo hakitakuwa na ngao aliyokuwa nayo Clegg, maana mshirika mkubwa akiona kura za maoni zimempendeza anaweza kwenda kwa Mfalme kuomba bunge livunjwe. Ningekuwa mjumbe wa chama kidogo katika mazungumzo hayo, hilo ndilo ningelidai kabla ya wizara yoyote.

Faida zilikuwa za kweli. Liberal Democrats walipata mawaziri watano katika Baraza. Kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kilipandishwa mpaka pauni 10,000 kufikia 2014, kama ilani yao ilivyoahidi, na shule zikapewa fedha za ziada kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Walipata pia kura ya maamuzi kuhusu kubadili mfumo wa uchaguzi, lakini Mei 2011 mabadiliko hayo yalikataliwa kwa karibu asilimia 68.

Gharama inahitaji kutazamwa kwa karibu. Kabla ya uchaguzi, wagombea wa Liberal Democrats walitia sahihi ahadi ya kupinga ongezeko lolote la ada za vyuo vikuu, wakapigwa picha na karatasi mikononi. Tarehe 9 Desemba 2010 serikali waliyokuwamo ilileta bungeni pendekezo la kupandisha ukomo wa ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Makubaliano ya mseto yaliwaruhusu kujizuia kupiga kura, lakini waliokuwa mawaziri waliliunga mkono, wabunge wao 21 wakalipinga, na likapita kwa 323 dhidi ya 302. Picha zile hazikusahaulika. Mwaka 2015 chama kilishuka kutoka viti 57 hadi 8, na kati ya viti 49 kilivyopoteza, 27 vilichukuliwa na Conservative, mshirika wake wa miaka mitano. Wafuasi wa mrengo wa kushoto walikihama kwa hasira. Waliofurahishwa na serikali walimshukuru Waziri Mkuu.

Kuhusu uwajibikaji, mseto una sifa mbili zinazopingana. Kila kitu kimeandikwa na kila waziri ana jina, kwa hiyo mwenye kutaka kufuatilia anaweza. Lakini programu yenyewe haikuwahi kupigiwa kura na mtu yeyote, kwa kuwa iliandikwa baada ya masanduku kufungwa.

Mseto unamfaa mpiga kura mwenye jambo mahususi analotaka litekelezwe, anayekubali kwamba jambo la pili na la tatu vinaweza kuuzwa ili kulipata la kwanza.

Njia ya pili: mapatano ya imani na bajeti

Hapa chama kidogo hakiingii serikalini. Kinaahidi kuiunga mkono serikali katika kura za imani, katika bajeti na katika mambo machache yaliyotajwa, na kwa mengine kinabaki huru. Wako wanaoyaona mapatano haya kuwa mseto wa watu waoga. Sikubaliani nao, ni chombo kingine kabisa, chenye makali yake.

Tarehe 26 Juni 2017, baada ya May kubaki na wabunge 317, wanadhimu wakuu wa Conservative na wa DUP ya Ireland Kaskazini walitia sahihi mapatano ya namna hiyo. DUP ilikuwa na wabunge 10 tu. Ireland Kaskazini ilipata pauni bilioni 1 za ziada, na serikali ikaachana na mipango yake ya kupunguza ulinzi wa pensheni na ruzuku ya wazee ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi. Ukigawanya fedha hizo kwa wabunge, kila mmoja alileta nyumbani pauni milioni 100. Sijui mseto uliowahi kulipa hivyo.

Namna mapatano hayo yalivyofanya kazi ilionekana ndani ya saa 24, mwezi Januari 2019. Tarehe 15, DUP ilipiga kura kupinga makubaliano ya May ya kuondoka Umoja wa Ulaya, ambayo yalikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho hakikuwahi kuipata serikali yoyote ya Uingereza katika zama za sasa. Kesho yake, Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, alileta hoja ya kutokuwa na imani. DUP hao hao waliiokoa serikali, ikapona kwa 325 dhidi ya 306. Wale 10 wangehamia upande wa pili, matokeo yangekuwa 315 kwa 316 na May angeanguka. Waliua sera ya serikali siku ya Jumanne, wakaiacha serikali yenyewe hai siku ya Jumatano.

Hapo uimara wa njia hii unajieleza: kiti cha Waziri Mkuu kinalindwa, kazi yake hailindwi. Serikali inaweza kubaki madarakani hata kama haiwezi kupitisha jambo lake kuu. Mapatano ya awali kati ya James Callaghan wa Labour na David Steel wa Liberals, chama kilichotangulia Liberal Democrats, yalianza Machi 1977 na kumalizika 1978, na hayo pia yaliinunulia serikali muda zaidi ya kitu kingine.

Gharama kwa chama kidogo huwa nafuu kuliko ya mseto, lakini ipo. Liberals walishuka kutoka viti 13 hadi 11 mwaka 1979. DUP ilishuka kutoka 10 hadi 8 mwaka 2019. Pigo kubwa zaidi kwa DUP lilikuja baada ya Boris Johnson wa Conservative kupata wingi wa viti 80, kwani mpaka wa forodha waliokuwa wakiuzuia uliwekwa katika bahari iliyo kati yao na Uingereza. Nguvu ya mapatano haya huisha siku ambayo huhitajiki tena, na huachi nyuma waziri wala ofisa wa kukutetea.

Uwajibikaji ni mwepesi kueleza: serikali ni ya chama kimoja, na lawama ni zake. Njia hii inamfaa zaidi mpiga kura wa chama kinachosimamia nchi au eneo moja, kama Wales, Scotland au Ireland Kaskazini, anayetaka kitu kinachohesabika kije nyumbani.

Njia ya tatu: serikali ya wachache, hoja kwa hoja

Chama kikubwa kinaunda serikali bila mapatano yoyote na kutafuta kura upya kwa kila muswada. Baada ya uchaguzi wa Februari 1974, Edward Heath wa Conservative alijaribu kuwavuta Liberals akashindwa, na Harold Wilson wa Labour akaingia akiwa na viti 301 kati ya 635. Aliumaliza mgomo wa wachimba makaa ya mawe, akatangaza mipango yake bila kuiweka yote hatarini bungeni, kisha Oktoba akarudi kwa wananchi na kupata wingi wa viti 3. SNP ilifanya vizuri zaidi katika bunge la Scotland: mwaka 2007 ilitawala ikiwa na viti 47 kati ya 129, na 2011 ikapata wingi kamili.

Udhaifu wake ni kwamba kila kura ni kamari. Tarehe 28 Januari 2009 bajeti ya SNP ilipata kura 64 kwa 64, Spika akaamua dhidi yake. Waliokwamisha walikuwa Greens wawili waliotaka fedha zaidi za kuzuia upotevu wa joto majumbani. Wiki moja baadaye bajeti ilipita kwa 123 dhidi ya 2, hao wawili wakiwa wamebaki peke yao: serikali ilikuwa imekwenda kununua kwingine. Hiyo ndiyo hali ya chama kidogo katika njia hii. Kinaweza kupata mengi siku moja, na siku inayofuata bei yake ikawa sifuri.

Gharama kwa chama kidogo kwa kawaida ni ndogo, ila kisiwe ndicho kilichoangusha. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya Callaghan ilianguka kwa kura moja, 311 dhidi ya 310, huku mbunge wake mmoja, Alfred Broughton, akiwa mgonjwa mno hata asiweze kuletwa bungeni. SNP, iliyopiga kura kuiangusha, ilikuwa na wabunge 11. Katika mjadala ule Callaghan aliwafananisha na batamzinga wanaopigia kura Krismasi ije mapema. Baada ya uchaguzi walibaki wawili.

Uwajibikaji ni wa wazi kuliko njia zote, kwa kuwa kila mbunge anaonekana alivyopiga kura katika kila hoja. Njia hii inamfaa mpiga kura asiyeamini chama chochote kikubwa, ambaye angependa serikali iombe ruhusa kila mara kuliko ipewe funguo kwa miaka mitano.

Uchague kwa hali yako

Kama chama chako kina uwezekano wa kupata makumi ya viti, na sera zake ziko karibu na za mmoja wa wakubwa, mseto una maana, mradi tarehe ya uchaguzi unaofuata iandikwe katika makubaliano. Kama kina viti vichache na kinatetea eneo moja, mapatano ya imani na bajeti yatakilipa zaidi na kukiumiza kidogo. Kama vyama viwili vinavyoweza kushirikiana havifiki 320 hata vikijumlishwa, mseto wa vyama vitatu au vinne unawezekana kwa kalamu, lakini serikali ya wachache inayojua haina muda mrefu inaweza kuwa ya kweli zaidi.

Kama unapiga kura ya kuzuia, yaani unamchagua fulani ili mwingine asiingie, mseto ndiyo njia ya hatari kwako, kwa sababu uliyemtumia kama ukuta anaweza kugeuka mlango. Wengi waliowapigia Liberal Democrats mwaka 2010 ili kuizuia Conservative waligundua hilo ndani ya wiki moja.

Na kama jambo lako kubwa ni viza, ada za kuhuisha kibali au masharti ya kumleta mke au mzazi, zingatia kwamba kanuni za uhamiaji hubadilishwa na waziri kwa tamko linalowasilishwa bungeni, bila muswada kamili, na ada nazo hupangwa kwa kanuni. Mapatano ya imani na bajeti kwa kawaida hayagusi huko. Chama chako kisipokuwa na mtu ndani ya wizara ya mambo ya ndani, kitasikia mabadiliko siku ile ile utakayoyasikia wewe, na hilo ni hoja ya kuutaka mseto hata kwa mtu asiyeupenda.

Wagombea wakibisha hodi kabla ya uchaguzi, wengi watakwepa swali hili kwa kusema kwamba wanapigania ushindi na si ushirika. Waulize hivyo hivyo, tena kwa umahususi: chama kitazungumza na nani kwanza, na kwa kipimo gani, cha viti au cha kura? Mwaka 2010 Clegg alilijibu hadharani kabla ya siku ya kura, akisema chama kitakachopata kura nyingi na viti vingi ndicho chenye haki ya kwanza kujaribu kuunda serikali. Wengi hawakulitilia maanani, kisha Mei akafanya vile vile alivyosema.